Satchel Paige: Mzee wa miaka 59 aliyegoma kutundika daluga

Usiku wa Septemba 25, 1965, pembeni ya uwanja wa besiboli wa Kansas City, Marekani, kuna mzee amekaa kwenye kiti cha kubembea. Ubavuni kwake yupo nesi aliyevaa sare nyeupe, kazi yake ni kumkanda mkono wa kulia.

Mashabiki 9,289 wamelipa kiingilio na wengi wanacheka. Mwenye timu, Charles Finley, ndicho alichokitaka. Timu yake ya Athletics inaburuza mkia, uwanja kila siku mtupu, kwa hiyo ameleta kituko ili tiketi ziuzike. Kituko chenyewe ni mzee huyo kwenye kiti.

Kisha mzee akainuka, akatembea taratibu kama mtu asiye na haraka ya kufika popote, akaenda kusimama katikati ya uwanja kurusha mpira.

Alirusha raundi 3 mbele ya Boston Red Sox. Vijana waliokuja kupiga mpira wake, wengine umri wa kumwita baba kabisa, mmoja baada ya mwingine walirudi kwenye benchi. Mmoja tu, Carl Yastrzemski, aliyekuwa na miaka 26, ndiye aliyeupiga sawasawa. Red Sox hawakupata hata pointi moja mzee akiwa kazini.

Raundi ya 4 alirudi katikati ya uwanja, kocha akamtoa palepale ili watu wamuage. Taa zikazimwa. Mashabiki wakawasha viberiti na kumwimbia gizani. Kicheko kilikuwa kimeisha zamani.

Huyo ni Satchel Paige. Siku hiyo alikuwa na miaka 59, miezi 2 na siku 18, na hadi leo hakuna mtu mwenye umri mkubwa zaidi aliyewahi kucheza Ligi Kuu ya besiboli Marekani.

Swali ni moja: mtu mwenye umri wa kukaa barazani anacheza na wajukuu, uwanjani anatafuta nini?

Kama huijui besiboli, soma hapa kwanza

Usiogope, tunaenda haraka. Kuna mrushaji na kuna mpigaji mwenye gongo. Kati yao kuna mita 18 na ushee. Mrushaji anatupa mpira kwa nguvu kupita juu ya kibao chenye upana wa sentimita 43 tu, na mpigaji anajaribu kuupiga kabla haujafika kwa mdakaji aliyechuchumaa nyuma yake. Ukikosa mara tatu, umetoka. Timu ikitolewa watu watatu, inampisha mpinzani. Mechi ina raundi 9.

Umewahi kucheza rede? Au kupopoa maembe ya jirani kwa mawe? Basi umeshaelewa nusu ya kazi ya Paige. Nusu iliyobaki ni kwamba yeye, ukimwonyesha embe moja kwenye tawi, hakukosa.

Mtoto wa mabegi

Alizaliwa Julai 7, 1906, mjini Mobile, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Jina lake Leroy. Baba yake alikuwa mtunza bustani, mama yake, Lula, alikuwa akifua nguo za watu. Nyumba ilijaa watoto na hela haikutosha kamwe.

Akiwa mdogo alikwenda stesheni ya treni kubeba mabegi ya abiria apate senti kidogo. Begi la aina ile Wamarekani huliita satchel, na jina likamganda maisha yake yote.

Shule alikuwa mtoro. Alipofika miaka 12 alikamatwa kwa wizi mdogo dukani, akapelekwa shule ya kurekebisha tabia ya watoto weusi iliyokuwa Mount Meigs, palepale Alabama. Alikaa huko zaidi ya miaka 5.

Hapo ndipo maisha yalipogeuka. Kocha wa shule aliona mkono mrefu wa yule mtoto mwembamba, akamfundisha namna ya kuinua mguu juu kabisa kabla ya kurusha, ili mpigaji asiuone mpira unatokea wapi. Paige alitoka mwishoni mwa 1923. Mwaka uliofuata alikuwa tayari anarusha kwenye timu ya nyumbani, Mobile Tigers.

Bora kuliko wote, ila mlango umefungwa

Tatizo ni hili. Ligi Kuu ya Marekani wakati huo ilikuwa ya wazungu peke yao. Hakukuwa na sheria iliyoandikwa. Yalikuwa makubaliano ya kimya kimya kati ya wenye timu, na yalishikiliwa kwa miongo zaidi ya 5.

Kwa hiyo watu weusi wakaanzisha ligi zao. Paige alipitia timu nyingi huko: Birmingham Black Barons, Pittsburgh Crawfords, baadaye Kansas City Monarchs. Mpira wake ulikuwa wa kasi kiasi kwamba wapigaji walilalamika kuwa wanausikia ukipita, hawauoni. Na alilenga atakapo. Simulizi zinasema mechi nyingine aliwaambia walinzi wa nyuma wakae chini kwanza, halafu akawatoa wapigaji peke yake.

Mishahara ya ligi za Weusi ilikuwa midogo na haina uhakika. Paige akajiongeza. Wewe si unaijua ndondo? Mchezaji wa ligi anakodiwa siku moja na timu ya mtaa, anacheza, anapokea chake, anasepa. Paige alifanya ndondo nchi nzima. Leo mji huu, kesho mji ule, mamia ya kilomita barabarani, kiangazi na kipupwe. Msimu ukiisha Marekani anahamia Mexico au visiwa vya Karibiani, huko kuna jua.

Mwaka 1937 alikwenda Jamhuri ya Dominika kuchezea timu ya dikteta Rafael Trujillo. Askari wenye bunduki walikuwa wakizunguka timu, na wachezaji walielewa kwamba kufungwa fainali si jambo la kujaribu. Walishinda.

Tusimpambe sana. Alikuwa mtu wa kukatisha mikataba. Timu moja inamsubiri, yeye ameshapanda gari kuelekea kwa aliyetoa dau kubwa. Alichelewa mechi, nyingine hakutokea kabisa. Ndoa yake ya kwanza haikuhimili safari hizo. Ila kumbuka na upande wa pili: mchezaji yule yule aliyejaza viwanja alinyimwa chumba hotelini na sahani mgahawani kwa sababu ya rangi. Bismarck, jimbo la North Dakota, alikokwenda kuchezea timu iliyochanganya weusi na wazungu, hakupata nyumba ya kupanga. Yeye na mkewe wakaishi kwenye behewa la treni.

Wazungu wa Ligi Kuu walimjua vizuri, maana nje ya msimu walikutana naye kwenye mechi za kirafiki. Mwaka 1936, Joe DiMaggio, kijana aliyekuwa anajiandaa kuingia New York Yankees, alipimwa kwa kukabiliana na Paige. Alimpiga mara moja tu, tena kwa tabu, na ikaonekana inatosha: kijana yuko tayari. Yaani Paige alikuwa mtihani wa kuingilia ligi ambayo mwenyewe hakuruhusiwa kuingia.

Mkono ukafa

Mwaka 1938, akiwa Mexico na umri wa miaka 32, bega likaanza kuuma. Likauma hadi akashindwa kuinua mkono. Daktari akamwambia hatarusha tena.

Hapo akajifunza thamani yake kwa watu. Wenye timu waliokuwa wakimkimbiza na mabunda ya hela, sasa hakuna anayepokea simu. Wakati huo mchezaji mweusi akiumia ndiyo basi. Hakuna bima, hakuna kiinua mgongo, hakuna pensheni.

Aliyemchukua ni J. L. Wilkinson, mwenye timu ya Monarchs. Alimweka kwenye kikosi cha pili kilichozunguka vijijini, akijua jina la Paige bado linauza tiketi hata kama mkono umekufa. Kazi ilikuwa kusimama, kurusha virusho vya kubembeleza, kupungia watu.

Kisha siku moja maumivu yakapungua. Akaongeza nguvu kidogo. Mkono ukakubali.

Mkono ulirudi, lakini Paige aliyerudi alikuwa mwingine. Zamani alitegemea kasi tu. Sasa alikuwa amejifunza mpira unaokata kona, mpira wa polepole, na ule mrusho wake wa kusita: anaanza kurusha, anaganda sekunde, mpigaji anazungusha gongo hewani, ndipo mpira unakuja. Mwaka 1942 aliiongoza Monarchs kutwaa ubingwa wa ligi za Weusi mbele ya Homestead Grays, timu ya Josh Gibson, mpigaji aliyeogopwa kuliko wote. Paige alikuwa na miaka 36.

Aliyechaguliwa hakuwa yeye

Oktoba 1945, Brooklyn Dodgers wakaamua kuvunja ule ukuta. Wakamsajili mchezaji mweusi kutoka Kansas City Monarchs, timu ya Paige.

Wakamchukua Jackie Robinson. Alikuwa na miaka 26, amesoma chuo kikuu, ametulia, na alikuwa na msimu mmoja tu ligi za Weusi. Paige alikuwa na 39.

Hebu jiweke kwenye viatu vyake. Miaka 20 umejaza viwanja. Umewatoa nyota wa kizungu mchana kweupe, watu wakaona kwa macho yao kwamba weusi wanaweza. Mlango unafunguka, anaitwa mdogo wako. Hadharani Paige alimsifia Robinson na kusema wamechagua mtu sahihi. Baadaye alikiri kwamba ilimuuma sana.

Aprili 1947 Robinson akaingia uwanjani na Dodgers. Miezi ikapita. Wengine wakaitwa. Paige akabaki na ndondo zake, anakaribia miaka 41, na wengi walishamzika.

Mgeni wa miaka 42

Julai 7, 1948, siku aliyotimiza miaka 42, Cleveland Indians wakamsajili. Mwenye timu, Bill Veeck, alikuwa mtu wa vituko, kwa hiyo watu wakasema hiki nacho ni kituko. Mhariri wa The Sporting News, gazeti kubwa la besiboli, aliandika kwamba kumleta mtu wa umri ule ni kuishushia hadhi ligi.

Hata umri wenyewe ulikuwa gumzo. Huku kwetu tuna vijeba: cheti kinasema miaka 17, nyumbani ana mke na watoto. Paige alikuwa kituko cha aina yake, maana kila mwandishi alipewa jibu tofauti. Moja ya hadithi zake ilikuwa kwamba tarehe yake ya kuzaliwa iliandikwa ndani ya Biblia ya familia, na mbuzi akaila ile Biblia. Alijua watu wakiacha kubishana kuhusu umri wake wataacha kuja uwanjani.

Wakaja. Mechi zake 3 za kwanza alizoanza tangu mwanzo, zote mwezi Agosti, ziliangaliwa na watu 201,829. Mbili za mwisho, dhidi ya Chicago White Sox, alirusha raundi zote 9 bila kuruhusu pointi hata moja. Moja ilipigwa Chicago, nyingine Cleveland mbele ya watu 78,382.

Alimaliza msimu ameshinda mechi 6 na kupoteza 1. Usizione chache. Cleveland na Boston Red Sox walilingana kileleni hadi ikabidi ichezwe mechi moja ya kuamua. Ondoa hata ushindi mmoja wa yule mzee, hesabu inakataa.

Cleveland wakatwaa ubingwa wa Ligi Kuu yote mwaka ule. Kwenye fainali Paige alipewa muda mfupi sana, akakabili wapigaji wawili tu katika mechi ya 5. Ulitosha kumfanya mtu mweusi wa kwanza kurusha mpira kwenye fainali hizo.

Kila wakimtoa, anarudi

Cleveland wakamwacha baada ya msimu wa 1949. Akarudi barabarani. Mwaka 1951 Veeck akanunua timu nyingine, St. Louis Browns, na moja ya kazi zake za mwanzo ikawa kumtafuta Paige. Mwaka 1952 mzee akashinda mechi 12 kwenye timu mbovu. Mwaka huo na uliofuata akachaguliwa kwenye kikosi cha nyota wa ligi, na Julai 1953 alicheza mechi hiyo ya nyota siku 7 baada ya kutimiza miaka 47.

Browns nao wakamwacha. Akaenda ligi ya chini na Miami Marlins kuanzia 1956, akiwa na miaka 50. Baada ya hapo ndondo tena. Mwaka 1962 akatoa kitabu cha maisha yake, na jina lake tu lilikuwa kama tangazo kwamba pengine atarusha mpira milele.

Tulipoanzia, usiku wa kiti cha kubembea, palikuwa hapa: miaka 12 tangu mechi yake ya mwisho Ligi Kuu. Na hata ule haukuwa mwisho. Juni 1966 alirusha tena kwenye ligi ya chini.

Sasa turudi kwenye swali letu. Alikuwa anatafuta nini?

Raha ya mchezo ilikuwepo, hilo halina ubishi. Sifa pia alizipenda. Lakini fanya hesabu. Mchezaji wa Ligi Kuu hupata pensheni akitimiza muda fulani kwenye ligi. Paige alianza kuhesabiwa akiwa na miaka 42. Ile miaka yote ya ligi za Weusi, ya mabasi, ya behewa la treni, kwenye hesabu ya pensheni ilikuwa sifuri. Mzungu wa kiwango chake angekuwa amestaafu zamani, mfuko umejaa. Yeye alikuwa na mke, Lahoma, na nyumba iliyojaa watoto, na alichokuwa nacho cha kuuza ni mkono wa kulia.

Alikuwa amepungukiwa siku 158.

Siku 158 tu, na timu nyingi hazikutaka habari zake. Agosti 1968 Atlanta Braves wakamsajili kwa ajili hiyo, akiwa na miaka 62, kazi yake kubwa ikiwa kukaa na timu kama kocha hadi siku zitimie. Zikatimia.

Mlango wa mwisho

Mwaka 1971 Paige akawa wa kwanza kuingizwa kwenye Jumba la Heshima la besiboli, kule Cooperstown, kutokana na kazi aliyoifanya ligi za Weusi. Mwanzoni wakuu walipanga kuwaweka nyota wa ligi hizo kwenye sehemu yao ya pembeni. Ubaguzi ule ule, safari hii kwenye makumbusho. Watu wakapiga kelele, mpango ukafutwa, na Agosti mwaka huo akaingia kama mwanachama kamili.

Juni 5, 1982, akiwa mgonjwa, alihudhuria sherehe ya uwanja uliopewa jina lake mjini Kansas City. Siku 3 baadaye, Juni 8, alifariki kwa mshtuko wa moyo nyumbani kwake. Ulibaki mwezi mmoja atimize miaka 76.

Desemba 2020, Ligi Kuu ya besiboli ilitangaza kwamba ligi za Weusi za kati ya 1920 na 1948 zilikuwa ligi kuu kama yao. Mwaka 2024 takwimu zake zikaunganishwa rasmi. Ukifungua leo ukurasa wa Satchel Paige, msimu wake wa kwanza hausomeki tena 1948. Unaanza 1927 na Birmingham Black Barons, na unaishia usiku ule wa viberiti, 1965. Miaka 38, na safari hii yote imehesabiwa.